Kabla hujanunua ile chai ya kusafisha mwili

Mteja akishapimiwa gorogoro zake mbili za mahindi, kabla hajafunga mfuko, ananiinamia na kuuliza kwa sauti ya chini: "Mama Nafula, ile chai ya kusafisha mwili, wanasema inatoa sumu yote. Ninunue?" Mimi nauza nafaka hapa Nakuru: mahindi, maharagwe, ndengu, wimbi, mtama. Dawa siuzi. Lakini nikiwa na mizani mbele yangu watu huona kama najua kila kinachoingia tumboni, na swali hilo limekuwa la kila wiki. Jibu langu ni hapana, weka pesa zako. Sababu zake ni ndefu kuliko mteja mwenye haraka anavyoweza kusubiri, kwa hiyo naziandika hapa.

Pakiti nilizoonyeshwa na wateja, nikizigeuza na kusoma nyuma, nyingi zina sanamaki. Wazee wa Pwani wanaijua sanamaki tangu zamani, ni majani ya kufungua choo, na kwa kazi hiyo ni makali kweli. Mtu anakunywa jioni, asubuhi hatoki chooni, akipanda kwenye mizani anakuta kilo moja imepungua, anaamini sumu imetoka. Kilichotoka ni maji na chakula, na pamoja nacho potasiamu ambayo moyo na misuli vinaitegemea. Ukiinywa wiki baada ya wiki unaweza kudhoofika hivi hivi, na bado hakuna sumu hata moja iliyotolewa pale ilipojificha.

Mwili una wasafishaji wake na hawalali. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo 1.5 hivi, limekaa chini ya mbavu za kulia, na damu yote inayotoka utumboni hupitia kwake kwanza kabla ya kwenda kwingine. Linachukua kitu kigeni, linakibadilisha, linakifunga na kitu kingine ili kiyeyuke majini, kisha linakituma kwenye nyongo au kwenye figo. Figo nazo huchuja karibu lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, sawa na mitungi tisa ya lita 20, na karibu yote huyarudisha mwilini. Mkojo ni lita moja au mbili zinazobaki. Mtu mwenye ini na figo nzima hana haja ya kununua kazi hiyo kwenye pakiti.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba kuna vitu ambavyo ini na figo havivimudu vizuri, na vitu hivyo viko majumbani mwetu hapa hapa. Havinunuliwi na mtu anayetafuta sumu. Vinaingia na maji ya kunywa, na ugali, na moshi wa jiko.

Maji ndiyo yanayonigusa zaidi. Mji wetu umekaa chini ya Menengai, ndani ya Bonde la Ufa, na miamba ya volkano iliyo chini yetu ina floraidi nyingi, aina ya madini ambayo ikizidi huharibu meno na mifupa. Maji yanayokaa ndani ya miamba hiyo miaka mingi huiyeyusha, na ukichimba kisima unaipandisha nayo. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Maji ya Ziwa Nakuru na ya Elmenteita yako mbali mno juu ya hapo, ila hayo hakuna anayeyanywa. Visima ndivyo vyenye shida, na vinatofautiana: chako kinaweza kuwa salama na cha jirani yako kikawa na kiwango cha kutisha. Cha ploti tunayokaa kilipopimwa, karatasi ya maabara ilionyesha zaidi ya maradufu ya kiwango hicho. Ukiyatazama maji yenyewe ni maangavu, ni baridi, na matamu.

Kuna msichana wa darasa la saba ambaye hutumwa kwangu kuchukua unga wa wimbi. Ni mcheshi, lakini akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Meno yake ya mbele yana mistari ya kahawia na vishimo vidogo kana kwamba yamedonolewa kwa sindano. Anapiga mswaki kuliko watoto wangu. Rangi ile ni kazi ya floraidi, haikutoka nje ya jino. Iliingia wakati jino lilikuwa bado linajengwa ndani ya fizi, na kwa meno ya ukubwani ujenzi huo huendelea tangu utotoni hadi karibu miaka minane. Jino likishatoka na doa, hakuna kinywaji kinachoweza kuliondoa. Daktari wa meno anaweza kulisugua au kulifunika, kwa gharama ambayo wengi wetu hatuiwezi.

Na meno ni sehemu inayoonekana tu. Floraidi tunayoimeza, mtu mzima hutoa karibu nusu kwa mkojo, na inayobaki huingia kwenye mifupa na kukaa humo miaka. Mtoto anayekua hubaki nayo zaidi, kwa sababu mifupa yake inajengwa. Kwa viwango vikubwa na kwa miaka mingi, viungo hukakamaa na mgongo huuma. Sasa niambie, chai ya kufungua choo itafika wapi kwenye mfupa?

Watu huniambia, "Mimi huchemsha maji yangu, mama." Kuchemsha kunaua vijidudu, endelea kuchemsha. Lakini floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki pale pale kwenye sufuria, kwa hiyo maji yaliyochemka sana yana floraidi nzito kidogo kuliko yalivyokuwa. Dawa ya klorini haiitoi. Kitambaa cha kuchujia hakiitoi. Inayoitoa ni mifupa, na hapa Nakuru tuna bahati, kwa maana Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilifanya kazi hii kwa miaka mingi: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri kwa kiasi maalumu cha moto, inasagwa kuwa chembe nyeusi kama mkaa uliovunjwa, na maji yanapitishwa humo. Floraidi hunasa kwenye mfupa uliochomwa kama ambavyo ingenasa kwenye mfupa wako. Usijaribu kuchoma mifupa ya bucha nyumbani. Ikichomwa vibaya maji yananuka na kubadilika rangi. Na chujio lenyewe hujaa. Likijaa, maji yanaendelea kutoka masafi machoni na floraidi yote imo, hivyo lazima yapimwe kila baada ya muda na chembe zibadilishwe.

Sisi tumechagua mvua. Maji ya mvua hayana floraidi ya kutaja, na paa la mabati tunalo. Maji ya kwanza baada ya kiangazi, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, tunayamwaga. Yanayofuata yanaingia kwenye tangi lililofunikwa. Hayatoshi kwa kufua na kuoga, na si lazima yatoshe, kwa sababu floraidi haipiti kwenye ngozi kwa kiasi cha kujali. Ya tangi ni ya kunywa, ya uji, ya chai na ya kupikia, na watoto wadogo ndio wa kwanza. Ya kisima yanafua.

Halafu kuna magadi. Hapa najua naingia jikoni kwa watu, lakini lazima niseme. Wifi yangu anapika githeri kwa kutupia donge la magadi ili mahindi yaive haraka, na mboga pia, ili zibaki kijani na zilainike. Magadi yanatoka kwenye maziwa ya chumvi ya Bonde la Ufa na mara nyingi yamebeba floraidi nyingi. Kwa hiyo nyumba inaweza kuwa na maji mazuri ya mvua, kisha ikarudisha floraidi ndani ya sufuria kwa mkono wake. Nilipomweleza aliniuliza, "Sasa mahindi yataiva lini, wifi, na makaa yalivyopanda?" Swali lake ni la haki. Loweka usiku kucha. Mahindi makavu na maharagwe yaliyolala majini kuanzia saa kumi na mbili jioni yanaiva kwa muda mfupi zaidi, bila magadi. Yale maji ya kulowekea yamwage, weka mengine.

Kwetu Butere mboga za mrenda na likhubi hupikwa kwa musherekha, ile chumvi ya majivu. Mama anachoma maganda makavu ya maharagwe, anaweka majivu kwenye chombo chenye matundu chini, anamimina maji polepole, na yanayodondoka yana rangi ya chai nyepesi na ukiyagusa yanateleza kidogo vidoleni. Matone machache yanatosha sufuria nzima. Hiyo natumia nyumbani kwangu bila wasiwasi, isipokuwa kwa mgonjwa wa figo, maana majivu yana potasiamu nyingi na figo dhaifu haziwezi kuitoa. Akija baba mkwe, ambaye figo zimemsumbua, mboga yake naipika pembeni.

Majani ya chai nayo hukusanya floraidi kutoka udongoni. Mtu mzima asihofu kikombe chake. Lakini mtoto wa miaka mitatu anayekunywa chai ya rangi, nzito, iliyochemshwa kwa maji ya kisima, asubuhi na jioni, anaongezewa juu ya yale anayopata tayari. Mpe uji au maziwa. Kalsiamu ya maziwa hushika sehemu ya floraidi tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Dawa ya meno yenye floraidi msiitupe, inalinda jino kwa nje. Mtoto mdogo awekewe kiasi cha punje ya mchele, na ateme.

Sasa niseme ya kazi yangu, mahindi.

Kuvu wa mahindi wanatoa sumu inayoitwa aflatoksini, na hii ndiyo inayonifanya nisiamini msemo kwamba ini litashughulikia kila kitu. Ini linapoishika aflatoksini ili kuibadilisha, hatua ya kwanza huigeuza kuwa kitu kikali zaidi, kinachoshambulia chembe za ini lenyewe. Hatua ya pili ndiyo inayokifunga na kukitoa. Kama sumu ni nyingi, hatua ya pili haiwahi. Mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, zaidi ya watu 300 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoharibika. Macho yalikuwa ya manjano, matumbo yakajaa maji. Wanaokula kidogo kidogo kwa miaka hawaanguki ghafla, lakini hatari ya saratani ya ini inapanda, na mwenye homa ya ini aina ya B hatari yake ni kubwa mara nyingi zaidi. Watoto wetu hupata chanjo ya homa hiyo kliniki, msiiruke. Mtu mzima anaweza kupimwa na kuchanjwa.

Kupika hakuivunji sumu hii. Ugali wa unga mbovu ni mbovu hata ukisongwa saa nzima.

Mahindi ya Kitale na Bungoma yanapoanza kuteremka mwishoni mwa mwaka, mengine huja mabichi, kwa sababu muuzaji anahitaji karo na mvua haijaisha. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Mimi nina kipimo cha chupa, na kila mtu anaweza kukifanya. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia mahindi hadi robo hivi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie kama robo saa. Ukiona chumvi imeshika kwenye kioo kama ukungu, unyevu umezidi asilimia 15, yarudishwe juani, na juu ya turubai, kamwe si kwenye udongo mtupu. Chumvi ikidondoka yote chini, yamekauka angalau hadi hapo, na siku nyingine moja ya jua haidhuru.

Kisha kaa na ungo. Sumu haisambai sawa katika gunia. Mara nyingi imejazana katika punje chache: zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu, zenye vumbi la kijani au rangi ya majivu kwenye kitovu. Ukizichagua hizo na kuzitupa, umepunguza sehemu kubwa. Sisemi umeimaliza, maana punje nzuri machoni inaweza kuwa nayo, na ndiyo sababu sheria inataka vipimo, visizidi sehemu 10 kwa bilioni. Lakini kwa mama mwenye debe moja na jioni moja, ungo ndio silaha kubwa aliyonayo. Mimi siuzi mahindi kabla hayajapita kwenye ungo.

Zile mbovu kila msimu nafuatwa na watu wanaozitaka kwa bei ya chini. "Ni za kuku tu, mama." Sizitoi. Ng'ombe akilishwa mahindi yenye aflatoksini, sehemu yake hutoka kwenye maziwa, na maziwa yale yanarudi kwa watoto wale wale. Kuku nao huugua ini. Nazifukia. Inauma, kwa sababu nilizinunua kwa kilo kama nzuri, lakini siwezi kupokea pesa hizo.

Kuhusu moshi nitasema machache. Hewa mbaya inayotoka kwenye makaa yanayowaka, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na makaa yaliyokolea bila moshi bado yanaitoa. Hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Nakuru ya Julai ni baridi, najua, na chumba ni kimoja, lakini jiko lisiingizwe ndani usiku mlango ukafungwa. Familia nzima hulala isiamke. Makaa yakolee nje, chakula kipikwe mlango na dirisha vikiwa wazi, na jiko litoke kabla ya kulala.

Jiko lisiwashwe kwa plastiki. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, lakini karatasi za mkate, chupa na vipande vya magunia bado ndivyo kiberiti cha nyumba nyingi. Plastiki ikichomwa kwa moto mdogo inaweza kutoa sumu ziitwazo dioxini, na hizo zikiingia mwilini hukaa kwenye mafuta kwa miaka. Ini haliwezi kuzitoa upesi. Magunzi ya mahindi yaliyokauka yanawasha vizuri, na hapo sokoni yamejaa, ni ya bure. Na wale wanaofunika githeri kwa nailoni chini ya kifuniko ili iive upesi, nawaomba sana, muache. Nailoni ile haikutengenezwa kukaa juu ya mvuke wa moto saa tatu, matone yakirudi ndani ya chakula. Sahani ya bati au jani la mgomba linafunika vilevile.

Kwa mtu anayetaka kulisaidia ini na figo zake hasa, ningeanzia kwenye mfuko wa dawa. Panadol na nyingine zenye parasetamoli ni salama kwa kipimo, lakini mtu mzima asizidishe gramu nne kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli hiyo hiyo ndani, kwa hiyo mtu hujikuta amemeza mara mbili. Ikizidi, inamaliza kile ambacho ini hutumia kuifunga, na ini huanza kufa. Anayekunywa pombe kila siku yuko karibu zaidi na hatari hiyo. Dawa kali za maumivu ya viungo, zile ambazo watu hununua dukani vidonge vinne vinne na kurudi tena kesho, huumiza figo zikimezwa muda mrefu, zaidi kwa mwenye presha au aliyeishiwa maji. Na pombe ya mitaani iliyochanganywa na methanoli, ini huigeuza kuwa asidi inayopofusha macho.

Mengine ni ya kawaida na hayana bei ya pakiti: maji ya kutosha, usingizi, mboga na nafaka nzima zenye makapi, kwa sababu nyongo iliyobeba taka hufyonzwa tena utumboni, na makapi husaidia kuondoka na sehemu yake. Sukuma ikitoka shambani kwa mtu unayemjua, muulize alipiga dawa lini. Mkulima mwaminifu atakuambia ungoje siku kadhaa. Kisha ioshe kwa maji mengi kabla ya kuikata.

Aliyeona macho yake ya manjano, mkojo mweusi kama kokakola, miguu inayovimba au mkojo uliopungua, asije kwangu wala kwa muuza chai. Aende hospitali apimwe damu, ini na figo, siku hiyo hiyo.

Mwezi ujao fundi anakuja kufunga mifereji upande wa pili wa paa, na mwenye ploti amekubali kuchangia tangi la pili kwa wapangaji wote. Nikishajua bei ya mabomba, koki na kazi, nitaiandika hapa, maana wengi mmeniuliza.